Dakika ya Sabini

Kihispania changu hakijai kisoda.
Najua neno la kumwita mpenzi, najua neno la muue,
na baina ya hayo mawili
nimekula, nimevaa, nimelipa kodi ya kibanda
miaka tisa hapa Makorora.

Kazi yangu ni kushusha sauti yao
vijiti viwili vitatu, isikike kama ugomvi wa nyumba ya pili,
kisha juu yake nipandishe yangu.
Saa kumi jioni ni zamu ya kina mama:
kasri, ngazi ya marumaru, pacha aliyefichwa,
kofi. Nikilichelewesha kofi wananizomea.
Usiku ni wanaume. Magari meusi, masharubu,
vumbi la mji ambao jina lake hunitoka puani,
nami na kipaza sauti nahesabu:
"Mmoja chali! Wa pili huyo! Kalale, mwanakwetu!"
Miluzi. Mia tano mia tano kwenye kopo la maziwa.
Sijawahi kuulizwa, wala sijajiuliza,
huyo wa pili alikuwa nani.

Ndipo ikaja ile ya treni.

Haina muziki. Mabehewa ya mizigo, na juu ya paa
watu, kama kunguru juu ya waya,
wamejifunga mikanda wasije wakasinzia wakadondoka.
Wanakwenda kaskazini. Kandokando ya reli
mwanamke kashika mfuko wa wali na chupa ya maji,
treni haisimami, naye anakimbia,
anarusha, anasema kitu.
Nikanyamaza. Kibanda kizima kikanigeukia.
"Tia maneno, Shekue!"
Nikatia nilichokuwa nacho:
"Shikeni, wanangu. Shikilieni."

Bi Mwanamvua huuza kashata mlangoni, haingii.
Siku hiyo aliingia, sinia bado mkononi.
"Kasema hivyo kweli?"
"Kasema hivyo."
Mungu anisamehe.
Nyuma wakaanza kupiga mabenchi: toa hii, weka ya bunduki.
Nikatoa, nikaweka ya bunduki.

Mwanawe, Nyange, alishika njia ya kusini,
akapiga simu mara moja, toka Nampula:
"Mama, viatu vimebana."
Tangu hapo namba yake hujibiwa na yule dada wa kampuni,
mpole, asiyechoka, asiyejua lolote.

Wiki hiyohiyo redio ikataja lori la chumvi
barabara ya Horohoro, na chini ya magunia
vijana wa Kihabeshi. "Wahamiaji haramu kumi na saba,
wanne kati yao wakiwa wamefariki."
Sauti ileile ikaendelea, haikumeza hata mate:
bei ya katani, matokeo ya Coastal.
Nikaitambua sauti ile. Ni yangu.
Mmoja chali. Wa pili huyo.

Kila jioni Bi Mwanamvua: "Ya treni lini?"
Juzi niliirudisha.
Alikaa benchi la mbele, akaninong'oneza:
"Yule wa fulana nyekundu,
anayelala ubavuubavu kama aliyezoea kubanana na wadogo zake,
mwite Nyange."
Nikamwita. Nikamtia maneno:
akamuuliza mwenziwe kama amekula,
akalalamikia viatu.
Kijana akacheka kwenye kioo, Bi Mwanamvua akacheka,
wao wawili tu, kibanda kimya.

Lakini mimi nimeitazama mpaka mwisho, peke yangu.
Najua dakika ya sabini lile tawi linavyokuja,
na fulana nyekundu inavyo

Dakika ya sitini na tisa nikang'oa waya ukutani.
"Umeme!" nikapaza. "Tanesco hao tena!"
Nje, taa ya duka la Hiza ilikuwa inawaka,
kila mtu aliiona.
Wakadai pesa zao. Nikawahesabia gizani,
mia tano, mia tano. Wakanitukana, wakaenda zao.

Yeye akabaki. Nilisikia kashata zikigongana kwenye sinia.

"Kwa hiyo bado yuko juu ya treni?"

"Bado yuko juu."

"Basi kesho mwambie ajifunge mkanda."